Tupime Kwanza, Ndipo Tulaumu

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tumeiandika katika insha mara nyingi hadi imechujuka, lakini mimi nilikuja kuielewa likizoni, mbele ya kompyuta ya nyumbani, nikiwa nimefungwa mabao manne kwa nunge.

Ukiketi na vijana wa hapa petu wanaocheza kandanda ya kompyuta kwa intaneti, wimbo ni mmoja tu: "Mtandao mbovu leo, wallahi! Hawa watu ni wezi!" Mchezaji wako anaganda mguu juu, mpira unapotea, na ukizinduka tayari uko wavuni. Maoni yangu ni haya: wengi wetu tunalaumu bila kupima, na lawama hizo zinawagharimu wazazi wetu. Nasema hivi kwa kuwa nami nilikuwa mstari wa mbele katika wimbo huo.

Nyumba yetu iko Shela, Malindi. Ni nyumba ya zamani, kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake wapata dhiraa moja. Ruta iko sebuleni, kompyuta iko chumba cha nyuma. Kila jioni mchezo ulikuwa ukiganda. Kwanza nikamzulia mdogo wangu kwamba anatazama filamu kwa simu kwa kificho. Akalia, akaapa, sikumsadiki. Kisha nikamwendea mama, ambaye huuza mahamri na mbaazi asubuhi.

"Mama, kasi tunayolipia ni ndogo. Tukiongeza, mambo yatakuwa sawa."

"Una hakika, mwanangu?"

"Hakika, mama."

Akaongeza shilingi 1,000 kwa mwezi. Zilikuwa pesa alizoweka za viatu vya skuli vya yule yule mdogo wangu. Usiku ule nikakaa kucheza kwa madaha. Mchezo ukaganda vile vile.

Aliyenitoa tongotongo ni ami yangu, ambaye ni fundi wa umeme. Hakuniuliza mtandao wetu ni wa nani. Aliniuliza, "Umepima wapi?" Nikakodoa macho.

Akanifungulisha lile dirisha jeusi la amri. Akaniambia niandike neno ping, kisha anwani ya ruta, ambayo kwetu ni 192.168.1.1, kisha -t ili ipime bila kukoma. (Anwani hii mara nyingi imeandikwa chini ya ruta yenyewe.) Kompyuta hutuma ujumbe mdogo na kuhesabu jibu limerudi baada ya milisekunde ngapi, yaani sehemu ngapi za elfu za sekunde. Kutoka kompyuta hadi ruta ni hatua kumi na mbili tu. Majibu yakaja: 3, 4, 210, 5, 380, kisha moja halikurudi kabisa. Ami akacheka. "Ujumbe wako haujatoka hata mlangoni, nawe wawatukana watu wa nje!"

Akaleta waya wa mita 15, akaunganisha ruta na kompyuta. Majibu yote yakawa chini ya 1. Mchezo ukatulia kama maji ya mtungini. Mawimbi ya waifai yalikuwa yakimezwa na ukuta wa babu zetu, na waya wa shilingi 600 ulimaliza ugonjwa ambao shilingi 1,000 za kila mwezi hazikuugusa. Mwezi uliofuata tukarudi kwenye malipo ya zamani. Lakini mdogo wangu alifungua shule na viatu vilivyoachama mdomo, na kila nilipovitazama nilijua ni nani aliyevitoboa. Nilimwomba msamaha. Naandika haya ili mwenzangu asije akaomba msamaha kama wangu.

Basi hebu tuelewane juu ya jambo moja linalotupotosha. Kasi tunayonunua si sawa na muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ule ambao wachezaji wanauita pingi. Maji tunayotumia Malindi na Kilifi yanatoka Baricho, kwenye mto Sabaki. Bomba likiwa pana utajaza pipa upesi, lakini tone linalotoka Baricho bado lina safari yake. Kucheza kwa intaneti hakuhitaji bomba pana sana. Kunahitaji matone yafike upesi, yafike kwa mpango, na yasipotee njiani.

Na safari hiyo ni ndefu. Kebo ya baharini ya TEAMS, iliyoanza kazi mwaka 2009, inatoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, kama kilomita 5,000. Mwanga ndani ya kebo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni kilomita 10,000, basi ni milisekunde 50, hata kabla ya kuhesabu vituo vya njiani. Seva ikiwa Ulaya, ongeza tena. Hata mama akinunua kasi mara kumi, hazitapungua milisekunde hizo. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya mchezo na kuchagua seva iliyo karibu, si kuchagua ile ambayo rafiki yako amekusifia.

Jambo la pili ni foleni. Wazee wa Kilifi wanakumbuka kivuko kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Gari dogo lenye haraka lilingoja nyuma ya malori. Ndivyo ilivyo nyumbani. Kompyuta ikijipakulia masasisho, au simu ikipandisha picha mia za harusi, ujumbe wako mdogo wa mchezo unakaa nyuma ya malori hayo. Zima upakuaji, pima tena, uone tofauti. Hapo ndipo utajua kama mdogo wako ana kosa, na hata akiwa nalo, mzungumze kwa heri na mpange saa.

Na asiyeweza kuvuta waya je? Aitoe ruta nyuma ya kabati na jokofu, aiweke juu, mahali pa wazi. Ruta nyingi zina masafa mawili. Yale ya gigahezi 5 yana kasi, lakini ukuta huyachosha mapema. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ila yana msongamano wa majirani. Jaribu yote mawili ukipima, usibahatishe.

Sisemi kwamba watu wa mtandao hawakosei kamwe. Ukiona ruta inajibu vizuri, umezima malori yote, na bado ukipima anwani ya nje kama 8.8.8.8 majibu yanapotea, basi tatizo liko nje. Andika saa na tarakimu, kisha piga simu. Mtu mwenye tarakimu husikizwa kuliko mwenye matusi. Tena kuna siku ambazo hata wao wamefungwa mikono. Februari 2012 meli ilitia nanga karibu na Mombasa mahali isiporuhusiwa, ikakata kebo ya TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika kusini kwetu, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na kwa majirani. Siku kama hizo hata ungehamisha ruta juu ya mnazi, hupati kitu.

Najua baadhi ya walimu watasema, "Haya yote ni kwa ajili ya mchezo tu? Mtoto na asome!" Nawaheshimu, lakini nitatoa jibu moja. Ukuta uliokuwa ukigandisha kandanda yangu ndio uliokuwa ukimgandisha mwalimu wa hesabu katika masomo ya video, na ndio uliokuwa ukikata sauti ya shangazi akimpigia mama kutoka Muscat. Tulidhani ni Muscat kubaya, kumbe ni chumba cha nyuma. Mchezo ulitangulia kuonyesha ugonjwa kwa sababu mchezo hausubiri.

Wenzangu nao watasema, "Sisi wanafunzi, si mafundi." Jamani, hili si ufundi mkubwa! Ni kuandika neno moja na kusoma namba. Tunafundishwa katika maabara tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuandika matokeo. Kwa nini tukifika nyumbani tunageuka watu wa kupiga ramli?

Ombi langu ni kwamba wanaojua kompyuta hapa shuleni wabandike ubaoni hatua tatu tu: pima hadi ruta, zima malori upime tena, kisha pima nje. Kabla mwanafunzi hajamwambia mzazi aongeze pesa, awe amezipitia zote, na awe na namba mkononi.

Kwa maana mama aliniuliza kama nina hakika, nami nikasema ninayo, hali sikuwa nimepima kitu. Siku hizi akiniuliza, mimi hujibu: "Subiri kidogo, mama. Nikapime."