Mhalifu Wetu Ahukumiwe Kwetu

Mto Tana una mamba wengi, na kila mkaazi wa kando yake, kutoka Hola hata Kipini, amesikia habari zao tangu utotoni. Fikiri, ewe msomaji, kijiji kimoja karibu na Garsen ambacho mamba amezoea kuotea mahali pa kuteka maji. Siku ya kwanza achukua mbuzi. Wanawake wahamisha mahali pa kuteka, wasogea juu kidogo. Mamba naye asogea. Wahama tena, naye awafuata, hata siku moja mto wote umekuwa wake, na kijiji kimebaki na kiu hali maji yapita mbele ya macho yao. Wazee wa kijiji wakiulizwa kwa nini hawakumwondoa mamba siku ile ya kwanza, hujibu kwa methali: Mwenye nguvu mpishe.

Mimi nasema methali hiyo, ikitumiwa mbele ya mhalifu, si busara bali ni sumu. Taifa linalompisha mhalifu mwenye nguvu litampisha leo njiani, kesho sokoni, na kesho kutwa litamkuta ameketi mahakamani, si kizimbani, bali mfukoni mwa wale wanaopaswa kumhukumu. Hayo si mambo ya kubuni. Yametokea katika pwani yetu wenyewe.

Mombasa ilikuwako jamaa moja iliyovuma kwa biashara ya dawa za kulevya, yaani jamaa ya Akasha. Baba, Ibrahim Akasha, aliuawa kwa risasi katika mji wa Amsterdam mwaka 2000. Mwezi wa Novemba 2014 wanawe wawili, Baktash na Ibrahim, walikamatwa Mombasa kwa ombi la serikali ya Marekani, pamoja na washirika wawili wa kigeni. Watu waliojifanya wanunuzi wa kundi la Kolombia kumbe walikuwa wakiitumikia idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, nao walikuwa wamekabidhiwa kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini. Shauri la kuwapeleka washtakiwa Marekani likakaa katika mahakama za Mombasa zaidi ya miaka 2, wenyewe wakiwa nje kwa dhamana. Mwezi wa Januari 2017 wakapandishwa ndege. Mwezi wa Oktoba 2018, katika mahakama ya shirikisho mjini New York, ndugu wote wawili wakakiri makosa. Baktash alihukumiwa mwaka 2019 kifungo cha miaka 25, na Ibrahim mwaka 2020 kifungo cha miaka 23.

Basi sikiliza jambo moja kati ya yale waliyokiri, maana ndilo kiini cha maneno yangu. Walikiri kuzuia haki isitendeke. Wakiwa nje kwa dhamana walitoa mlungula kwa maofisa wa Kenya ili wasipelekwe Marekani. Na waendesha mashtaka wa Marekani walieleza ya kuwa kati ya waliohongwa walikuwamo majaji, waendesha mashtaka na askari polisi. Hukumu ile ya New York, kwa hiyo, ilikuwa na mshtakiwa wa tatu ambaye hakutajwa katika hati: alikuwa sisi.

Habari hizo zilipofika kwetu, watu waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilishangilia. Lilisema, kama wahalifu wakubwa hawafungiki Kenya, na wapelekwe Marekani wote, tustarehe. Kundi la pili lilinung'unika. Lilisema, taifa huru haliwezi kuwatoa raia wake wakahukumiwe ugenini, tena shauri lao la Mombasa likiwa halijafika mwisho. Huo ni utumwa mpya. Mimi sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili.

Wanaoshangilia wanafanana na mtu ambaye nyumba yake imeingia mwizi, akamwita jirani amkamate, kisha akapiga makofi na kulala mlango wazi. Jirani hatakuja kila usiku. Tena jirani huja kwa faida yake. Sheria ya Marekani iliwafuata ndugu wale kwa sababu walikula njama ya kuingiza dawa katika nchi ya Marekani. Je, kijana wa Malindi, wa Lamu au wa Mombasa aliyeharibiwa na heroini, nani alimsimamia? Hapana mahakama ya New York itakayomwuliza mama yake kilio chake. Shauri lake ni letu, na kama sisi hatulisikii, halisikiwi na mtu.

Nao wanaonung'unika wanadai heshima ya mahakama zetu bila ya kuuliza heshima hiyo ililindwaje. Uhuru wa mahakama si ukuta wa kumficha mwenye fedha. Mahakama huitwa huru kwa kuwa haimwogopi mwenye nguvu wala haimwonei mnyonge. Ofisa anayeuza uamuzi wake ndiye aliyeuza uhuru wa nchi, tena aliuuza kabla ndege ya Marekani haijatua. Mlamba asali halambi mara moja; na aliyepokea mlungula katika shauri la dawa za kulevya atapokea pia katika shauri la shamba la mjane.

Labda utaniambia kwamba Wamarekani wameumbwa kwa udongo mwingine, na mahakama zao hazihongeki. Hilo ni kosa, na ni kosa linalotudhuru, maana mtu akiamini kuwa uadilifu ni tabia ya taifa fulani, hujisamehe uvivu wake. Tazama historia yao. Mjini Chicago, mwaka 1931, Al Capone alipofikishwa mbele ya mahakama ya shirikisho kwa kosa la kukwepa kodi, ilijulikana ya kuwa watu wake walikuwa wakilihonga baraza la raia lililoteuliwa kuamua shauri lile. Jaji alifanya nini? Asubuhi ya shauri alibadilisha baraza zima kwa baraza la mwenziwe, na Capone akahukumiwa miaka 11. Mjini New York, mwaka 1987, John Gotti aliachiliwa na mahakama ya shirikisho. Baadaye ikagunduliwa kwamba mmoja wa watu wa baraza alikuwa amehongwa. Hawakusema mwenye nguvu apishwe. Mwaka 1992 walimshtaki tena kwa mashtaka mengine, safari hii majina ya watu wa baraza yakifichwa na wenyewe wakitengwa na walimwengu, na Gotti akahukumiwa kifungo cha maisha.

Kadhalika walitunga silaha za sheria. Zamani walimshika muuaji mdogo, na mkubwa aliyemtuma akabaki mezani akila. Mwaka 1970 wakapitisha sheria inayowezesha kulishtaki genge zima kama shirika moja la uhalifu, anayeamuru pamoja na anayetenda. Kwa sheria hiyo, katika shauri la mwaka 1985 hadi 1986, wakuu wa jamaa za Mafia za New York walisimamishwa pamoja kizimbani, na watatu kati yao wakapewa kila mmoja kifungo cha miaka 100. Tena wakaweka utaratibu wa kuwalinda mashahidi, wakiwahamisha na kuwapa majina mapya, kwa kuwa walijua ya kuwa sheria bila ya shahidi ni bunduki bila ya risasi.

Je, sisi hatuna sheria? Tunazo. Tuna Sheria ya Kulinda Mashahidi ya mwaka 2006. Tuna sheria ya mwaka 2009 ya kufuatilia mali iliyopatikana kwa uhalifu. Tuna Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ya mwaka 2010. Tuna Katiba ya mwaka huo huo, inayompa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma madaraka yasiyoamriwa na mtu. Kisu kimo nyumbani; kilichopungua ni mkono wa kukishika.

Sasa nitarudi Garsen, maana huenda msomaji akauliza, Dawa za kulevya za Mombasa zahusu nini na mkulima wa Kipokomo anayepanda mpunga na migomba, au mfugaji wa Kiorma anayewapeleka ng'ombe wake malka wakanywe maji? Zahusu sana. Mwezi wa Agosti 2012 kijiji cha Reketa kilishambuliwa alfajiri, na zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi wa Septemba ikawa zamu ya Kilelengwani, ambako hata askari polisi waliuawa. Mwezi wa Desemba ikawa Kipao. Hata kufika Januari 2013 waliokufa katika delta ya Tana walipita 100. Rais Mwai Kibaki aliunda Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Lakini tume huuliza na kuandika, haifungi mtu.

Sisemi kwamba mauaji yale yalikuwa kazi ya jamaa ya wahalifu kama ile ya Mombasa. Yalikuwa na mizizi ya ardhi, maji na malisho. Walakini watu mamia hawaamki alfajiri moja, kila mtu kwa nafsi yake, wakakutana kijiji kimoja kwa bahati. Mtu huita, mtu hupanga, mtu hulipa. Muulize mwanafunzi wa Garsen ni wangapi waliouawa, atakutajia. Muulize ni nani waliofungwa, atatazama chini.

Na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mahakama ikimhukumu mtu kwa jina lake, jamaa yake husalimika na kabila lake husalimika. Mahakama ikinyamaza, watu hawanyamazi. Huhukumu wenyewe, nao hawana mizani ya kumpima mmoja mmoja. Husema, Wapokomo wametuua. Husema, Waorma wametuua. Pasipo hukumu ya mtu, huja hukumu ya kabila, na hukumu ya kabila hutekelezwa usiku kwa moto juu ya nyumba ya mtoto asiyejua lolote. Kisasi cha Septemba kilizaliwa na Agosti ambayo haikupata jibu la sheria. Vivyo hivyo si haki kumchukia kila mtu mwenye jina la jamaa ya mhalifu. Damu si kosa, tendo ndilo kosa, na kazi ya mahakama ni kuyatenga mawili hayo.

Wako watakaojibu kwamba wazee wa Gasa kwa upande wa Wapokomo, na wazee wa Matadeda kwa upande wa Waorma, waweza kupatanisha bila ya mahakama. Nawaheshimu wazee hao, wala amani ya Tana haiwezi kudumu bila yao. Yafaa waamue habari za njia ya ng'ombe na mpaka wa shamba. Lakini mapatano juu ya damu ya watu wengi, pasipo ukweli kusemwa wala mkosaji kutajwa, ni ile desturi ya funika kombe mwanaharamu apite. Kombe likifunuliwa, kilichokuwamo kimo vile vile, tena kimechacha. Upatanishi ni wa jamii, na hukumu ni ya mkosaji. Kimoja hakiwezi kukaa mahali pa kingine.

Wengine watasema, Ni rahisi kwako kuandika. Shahidi wa kijijini anaishi nyumba ya makuti, na mhalifu anajua mlango wake. Hilo ni neno la kweli, nami silipuuzi. Ndiyo maana simlaumu mjane anayenyamaza. Nailaumu serikali inayomtaka aseme mchana na kumwacha peke yake usiku. Kumlinda shahidi ni deni la serikali, si hisani yake. Nalo jina la ofisa aliyehongwa lisifichwe kwa adabu ya kazi. Ashtakiwe mahakama ile ile, kizimba kile kile, maana mhongaji na mhongwa ni mapacha.

Leo Garsen ina Mahakama Kuu. Zamani mtu wa Tana alisafiri mbali kutafuta jaji. Sasa jaji amemfuata kando ya mto. Jengo limekuja, lakini haki haijengwi kwa mawe na saruji. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Enyi vijana mnaosoma kurasa hizi, miaka si mingi baadhi yenu mtakuwa askari, makarani wa mahakama, mawakili na mahakimu. Siku moja bahasha italetwa mezani pako, nayo italetwa kwa upole, pengine na mtu wa ukoo wako, pamoja na salamu za mama. Kumbuka siku hiyo ya kuwa bahasha ile haikuja kununua faili moja. Imekuja kununua mahali pa kuteka maji pa kijiji kizima. Ukiipokea, watu watahama; watahama tena; na mwisho watakwenda nchi ya mbali kuomba haki kama ombaomba.

Mamba huondolewa siku ya kwanza, na huondolewa na wenye mto.