Kamera ya zawadi sio tambiko

Haya wadau, leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Kuna maneno yanazunguka chumba chetu cha habari kwamba mimi ni mtu nisiye na shukrani. Kisa chenyewe? Mjomba wangu anayeishi Uholanzi alinitumia kamera. Kubwa, ya maana, na lenzi yake ya milimita 150 mpaka 600, ile mizinga mnayoiona imechomoza juu ya Landcruiser za watalii. Nimeitumia miezi minane. Kisha nikaibadilisha na kamera ndogo ya dereva mmoja wa watalii pale Karatu. Basi, imekuwa nongwa. "Cha kupewa hakitolewi." "Mjomba akisikia je?" "Wenzako hawana hata simu ya maana." Mhariri mmoja kanambia nimebadilisha ng'ombe kwa mbuzi.

Nawajibu hapa, maana kwenye kikao cha asubuhi mtu hapewi dakika tatu za kujieleza.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wanaonilaumu hawajawahi kuipiga. Lenzi ya milimita 150 kwenye kamera ya aina ile, ukitaka mtu aliyesimama aingie wote kwenye picha ya kulala, lazima urudi nyuma kama mita kumi na moja. Na hapo ndipo lenzi ilipo fupi kabisa! Sasa nitajieni jiko la mama lishe wa Karatu lenye mita kumi na moja. Nitajieni ofisi ya mtendaji wa kijiji. Nitajieni wodi, darasa, boma la Mmasai. Mimi natumwa kuandika habari za watu, na watu wa huku wanakaa ndani ya mita tatu. Nikirudi nyuma nagonga ukuta. Nikisogea karibu, lenzi inagoma, kitu kikiwa chini ya mita mbili hivi haikioni vizuri. Nimeshawahi kumhoji bibi mmoja wa Kiiraqw nyumbani kwake Rhotia, na picha niliyoondoka nayo ni ya jicho na nusu ya pua.

Halafu mwanga. Lenzi zile kwa upande wa fupi zinafunguka hadi f/5, mara nyingi. Hii ndogo niliyonayo sasa, ya milimita 23, inafunguka hadi f/2. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara sita ya mwanga unaoingia. Anayeijua Ngorongoro asubuhi mwezi wa saba anaelewa ninachosema. Ukingo wa kreta uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ukungu unashuka mpaka huoni tairi la mbele, na saa mbili asubuhi bado kama alfajiri. Ndani ya nyumba za tope ndio usiseme. Na uzito! Ule mzigo ulikaribia kilo tatu. Huu wa sasa haufiki hata kilo moja, unaingia kwenye mfuko wa koti.

Nikitaja koti, ngoja niwaulize kitu. Karatu kuna baridi, na siku ya mnada kila mtu anapekua makoti ya mtumba. Mtu akinunua au akipewa koti la Mzungu wa futi sita na nusu, anafanya nini? Anapeleka kwa fundi cherehani. Mikono inakatwa, mabega yanaingizwa ndani, vifungo vinahamishwa. Hakuna anayesema amemtukana aliyetoa koti. Sasa lenzi haikatwi kwa mkasi, wadau. Njia pekee ya "kuishona" kamera ikukae ni kuibadilisha na ya mtu mwingine. Wahenga walishasema mwomba chumvi huombea chungu chake. Chungu changu mimi ni watu, sio simba.

Najua jibu lenu. "Mpiga picha hodari anapiga kwa chochote." Msemo huo unapendwa sana na watu wasiopiga picha. Ni kweli kamera haina akili. Lakini jembe nalo halina akili, na bado mkulima wa mteremko hatumii jembe la trekta la bondeni. Hao mabingwa mnaowataja walikuwa wachaguzi kuliko bibi harusi. Henri Cartier-Bresson alitembea miaka na miaka na Leica ndogo, zaidi na lenzi ya milimita 50, kwa sababu alitaka kupita mitaani bila kuonekana. Mohamed Amin wa Nairobi, yule ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliishtua dunia, alipoteza mkono wake wa kushoto kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Mtu aliyelazimika kufungiwa mkono mpya ili aweze kushika kamera, mnadhani angewaambia kwamba kifaa sio hoja?

Lakini hilo la mita na mwanga ni dogo. Linaloniuma zaidi ni hili: kamera ya zawadi huja na macho ya aliyeitoa. Mjomba (namheshimu, hili nimeshamwambia mwenyewe) aliposikia nafanya kazi kanda ya Ngorongoro alifikiria nini? Wanyama. Ndio maana akachagua mzinga. Hana kosa. Ndivyo Ulaya nzima ilivyofundishwa kutuangalia. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipiga filamu yao ya Serengeti, ikatoka mwaka 1959 na kupata Oscar mwaka uliofuata. Michael alifariki kwa ajali ya ndege kabla haijakamilika, na wote wawili wamezikwa pale ukingoni mwa kreta. Mwaka huo huo wa 1959 ndipo lilipoanzishwa eneo la hifadhi la Ngorongoro, kwa ahadi kwamba binadamu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Ahadi ya vitu vitatu! Niambieni, kwenye kalenda na kadi za posta mnazoziona Arusha mjini, hivyo viwili vingine viko wapi? Mmasai akitokea ni pambo, kasimama kwa mguu mmoja jua likizama.

Nami miezi ile minane nilianza kuwa hivyo hivyo, tena pole pole. Nikishuka na mzinga barabarani, vijana wananijia: "Lete hela ya picha." Wana haki, nafanana na mtalii. Wazee wananigeuzia mgongo, wengine wananiuliza natoka idara gani. Mtu mwenye lenzi ya nusu mita ni mtalii au ni mpelelezi, hakuna cha tatu. Na wakati huo habari yenyewe ni ipi? Tangu mwaka 2022 familia zinahama Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, serikali ikisema ni kwa hiari, na wengi wa wanaobaki wakisema vingine. Agosti 2024 maelfu ya wakazi walijaa barabarani wakidai haki zao, ikiwemo ya kupiga kura pale walipo. Ukweli wa mambo haya unapatikana mkiwa mmekaa kwenye benchi moja na chai mkononi. Haupatikani kwa milimita 600. Picha zilizonigusa za Agosti ile, karibu zote nilizoziona mimi, zilikuwa za simu, zimepigwa na mtu aliyekuwa katikati ya wenzake.

Sasa kuhusu yule dereva, maana kuna wanaosema nimemlalia na wengine wanasema kanilalia. Yeye kamera ndogo alipewa na mgeni wake, kama tipu. Zawadi nzuri, lakini ndani ya kreta hushuki kwenye gari unavyotaka wala hutoki nje ya barabara, na faru ukimwona ni kidoti cha kijivu kwenye majani. Kwa milimita 23 faru ni vumbi. Jamaa anataka picha za kuwaonyesha wageni na kujitangaza, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa ameshika zawadi ya mwenzake. Tulikopeshana wiki moja kwanza, kila mtu ajaribu. Tukaenda pamoja kwa fundi wa kamera Arusha akatazama kama lenzi zina kuvu na kama kuna vumbi kwenye sensa. Vitu vyangu vilikuwa na thamani zaidi, akaniongeza fedha, nikanunua betri ya pili na kadi mbili. Tukaandikiana karatasi yenye namba za kamera na lenzi, mashahidi wawili, ili kesho askari akimsimamisha mmoja wetu asiitwe mwizi. Kadi yangu ya zamani nilibaki nayo. Ina nyuso za watu walionieleza mambo kwa siri, hiyo haibadilishwi hata kwa ng'ombe.

Na nilimpigia mjomba kabla, sio baada. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akauliza swali moja: "Hiyo ndogo inapiga usiku?" Nikamwambia inapiga. Akasema sawa. Yaani aliyetoa hajakasirika, waliokasirika ni wale ambao hawakuchangia hata kadi ya kumbukumbu!

Tena siyo mimi tu. Nendeni kwenye makabati ya ofisi zetu za habari mkaone vifaa vya wafadhili vilivyokaa na plastiki zake, kwa sababu haviendani na kazi ya mtu yeyote pale, na hakuna anayethubutu kuviuza kwa kuogopa kuonekana hana adabu. Vumbi linavila kwa adabu zote.

Mjomba anakuja Desemba. Siku ya mnada nitazunguka naye mimi, tule nyama choma. Kreta ataenda na yule dereva, mzinga utakuwepo garini.