Filamu Yataka Muda Kabla ya Kutaka Kamera

Kila zinapozungumzwa filamu zetu za Kiswahili, iwe barazani au redioni, maneno hayakawii kuishia kwenye vyombo: kamera ni duni, taa hazitoshi, fedha za kukodi mitambo ya kisasa hazipatikani, na haya husemwa kwa yakini kubwa hata msikilizaji akadhani kwamba laiti vyombo hivyo vingeshushwa kesho katika bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, filamu njema zingefuatia kesho kutwa. Mimi siafiki. Kinachozidhoofisha filamu zetu, kwa rai yangu, ni haraka. Na haraka hiyo haitokani na uvivu wa wasanii wala uchache wa vipaji, bali hutokana na mapatano ya fedha yanayomlazimisha mwongozaji apige picha kwa siku chache, ahariri kwa siku chache zaidi, kisha aikabidhi kazi kabla hajapata wasaa wa kuitazama mara ya pili.

Ushahidi wangu ni filamu moja ya Bara Hindi, si miongoni mwa zile za nyimbo na ngoma zilizokuwa zikijaza majumba ya sinema ya Unguja na Mombasa, bali ni ya Kibengali, iitwayo Pather Panchali, aliyoiongoza Satyajit Ray. Ray alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo mjini Calcutta, na hakuwa amewahi kuongoza filamu yoyote. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hajapata kuiendesha kamera ya sinema. Walianza Oktoba 1952, siku za mapumziko, kwa kuwa Ray alikuwa bado ameajiriwa.

Tukio la kwanza walilolipiga lilikuwa katika uwanda wa majani marefu yenye maua meupe, ambamo ndugu wawili, Durga na mdogo wake Apu, wanapita mpaka wanaliona gari la moshi. Siku moja haikutosha. Waliporudi Jumapili iliyofuata walikuta ng'ombe wameyala maua yote, na uwanda umebaki mtupu. Ilikuwapo njia nyepesi, nayo ni kutafuta uwanja mwingine wowote na kutumaini kwamba mtazamaji hatatambua. Ray alichagua kungoja msimu wa maua urudi, na msimu huo hurudi mara moja kwa mwaka.

Katika uwanda huo huo Apu alitakiwa atembee kwa kusitasita, akimtafuta dada yake, na mtoto aliyepewa sehemu hiyo, ambaye uigizaji ulikuwa jambo geni kwake, akawa anakwenda moja kwa moja kama aliyetumwa dukani. Ray hakumkaripia, wala hakujaribu kumfundisha namna ya kuonyesha wasiwasi usoni. Alitawanya vijiti njiani ili mtoto avitazame na kuviruka, akawaficha wasaidizi wake majanini, huyu kulia na huyu kushoto, wamwite kwa zamu kila mmoja kwa wakati wake. Mtoto akageuka huku, akaangalia kule, akasimama, akaenda tena. Tunayemwona sisi ni mtoto mwenye shaka moyoni, na hatuvioni vijiti wala hatuwasikii waitaji. Hila njema ya namna hii haimjii mtu anayetazama saa yake, akijua kwamba kabla ya magharibi anadaiwa matukio mengine tisa.

Kungoja nako kuna hatari zake, wala sitaki kuzificha. Kazi ilikatika mara kwa mara kwa zaidi ya miaka miwili, na katika muda huo watoto wangeweza kurefuka na kubadilika sauti, na mwigizaji Bibi Chunibala Devi, aliyekuwa na umri wa miaka 80 hivi, angeweza kufariki sehemu yake haijakamilika. Mungu aliwahifadhi. Hata hivyo aliyeigiza muuza vitamutamu alifariki, na Ray ikambidi amtafute mtu wa umbo lile lile na kumpiga picha kwa upande wa mgongo. Hapa ndipo tunapotambua thamani ya yule mtu wa mwendelezo, akaaye kando na daftari lake akiandika kifungo kipi cha shati kilikuwa wazi, chai ilibaki kiasi gani kikombeni, jasho lilikuwa upande upi wa paji la uso. Kazi ambayo kwetu aghalabu hutwikwa mtu mwenye shughuli nyingine mbili tatu.

Muda huo ulinunuliwa kwa mashaka. Ray alikopa kwa dhamana ya bima yake ya maisha, akauza vitabu na sahani zake za santuri, na vito vya mkewe vikawekwa rehani. Mimi simwombei mwongozaji yeyote wa kwetu majaaliwa ya namna hiyo, na wanaosimulia mambo haya kana kwamba dhiki ndiyo iliyoleta uzuri wa filamu ile wanakosea. Kilichoiokoa kazi ni serikali ya jimbo la West Bengal kukubali kuigharimia, japo fedha zilitolewa kwa mafungu na kuandikwa katika hesabu za matengenezo ya barabara. Kwa sababu ya mafungu hayo msimu wa mvua ulipita kabla fedha hazijafika, na wakalazimika kwenda kijijini siku baada ya siku mwezi wa Oktoba, pamoja na watoto na kamera, wakiomba wingu moja. Mvua ikanyesha, wakaipiga. Mwishoni walihariri usiku na mchana ili filamu iwahi kuonyeshwa New York, Mei 1955. Lakini haraka hiyo iliikuta kazi iliyokwisha kuiva.

Turudi pwani kwetu. Fundi wa sauti, tukio linapokwisha, huomba watu wote wanyamaze kwa dakika moja ili arekodi ukimya wa chumba, kwa kuwa kila chumba kina ukimya wake, na bila ya huo maneno ya waigizaji hukatika na kuruka pale mhariri anapoyaunganisha. Ni dakika moja tu. Nimeona ikinyimwa, kwa kuwa nyumba ya kukodi ilikuwa na mwisho wa saa na gari la kubeba vyombo lilikuwa mlangoni. Na kasoro hiyo mtazamaji huisikia hata kama hajui jina lake. Kwamba twaweza kufanya vyema zaidi si jambo la kubishaniwa: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuirudisha Unguja ya miaka ya 1950, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021.

Kwa hiyo nawaomba wenye vituo vya televisheni, wafadhili na mifuko ya sanaa: mnapoandika mkataba wa filamu, andikeni ndani yake siku za mazoezi, siku za kungoja mvua au jua, na majuma ya kuhariri picha na kusafisha sauti, na mzilipe siku hizo kwa kiwango kile kile mnacholipia siku za kupiga picha.