Kutawaliwa na "wenye uwezo": nani aliwapima?

Wananchi wenzetu wa Goma,

Mu taksi, mu bistro, hata ku vyuo vikuu, tunasikiaka neno moja: kura imetushinda, tuige China, kule wanatawala wenye akili. Wengine wanaleta na jina la Confucius, yule mwalimu wa miaka 2500 iliyopita. Tunajibu, juu kuishi bila kura si mawazo kwetu. Tumeshakuishi.

Tarehe 6 Mei 2021 état de siège ilianza Kivu ya Kaskazini na Ituri. Gavana aliyechaguliwa akaondolewa, jenerali akawekwa. Bunge la jimbo likasimamishwa. Katiba inasema siku 30, halafu kuongeza 15 kwa 15. Hizo 15 zikawa miaka. Hao "wenye uwezo" walipita mtihani gani?

China ya zamani ilikuwa na mtihani kweli, karibu miaka 1300, mpaka 1905. Wakati wa wafalme wa Song, majina yalifunikwa na makarani walinakili kila karatasi upya, ili msahihishaji asitambue mwandiko wa mtoto wa rafiki yake. (Wanawake walifungiwa mlango, tusifiche.) Kwetu, barua ya kuomba kazi inasindikizwa na simu ya mkubwa.

Na Confucius mwenyewe? Mwanafunzi alimuuliza nchi inasimama na nini. Chakula, silaha, na imani ya watu. Tukilazimika kuacha kimoja? Silaha. Na kingine? Chakula. Imani ya watu haiachwi kamwe. Hapa walianza kuacha hiyo. Tarehe 30 Agosti 2023, askari waliua watu waliokuwa wanajiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO. Serikali yenyewe ilihesabu wafu zaidi ya 40. Januari 2025 mji ukaangukia mikononi mwa M23, na Februari wao pia wakatuwekea gavana. Tena bila kutuuliza.

Hata Daniel A. Bell, profesa anayetetea mfumo wa China, anakubali kura ku ngazi ya chini, pale watu wanajuana. Masisi na Rutshuru hawakupiga hata ile ya Desemba 2023.

Kwa hiyo tunaambia Kinshasa, tunaambia na M23: mkitaka wenye uwezo, wekeni mtihani wa wazi kwa kazi za serikali, na matokeo yabandikwe ukutani. Meya na burugumestre, tutawachagua sisi.