Vumbi ya njia si kosa: anayemuita mtu kwa moto asimdai kostimi iliyonyooka

BENI, Bungulu – Kuna tabia inayoota mizizi katika maofisi ya mji wetu, na ni wakati tuiseme wazi. Mtu anaitwa kwenye mkutano wa kazi. Barua inasema saa mbili kamili za asubuhi, na chini yake wameandika: mavazi ya heshima. Mtu huyo anatoka Oicha, Kasindi, Butembo ama Lubero, na anakuja kwa moto. Akifika mlangoni anatazamwa toka viatu hadi kichwa. Kabla hajasema jina lake, amekwisha kuhukumiwa.

Tabia hii inaonea watu, tena inaharibu kazi. Sababu zipo nyingi. Tuanze na ile ambayo wenye kupanda jipe hawaioni.

Moto ndiyo gari letu la viti viwili: motari mbele, abiria nyuma. Haina buti, haina kioo, haina pahali pa kutundika koti. Ukifunga begi nyuma kwa mpira, linakula vumbi yote ya gurudumu. Ukiliweka katikati yako na motari, unalikandamiza kwa tumbo njia nzima. Ukimpa motari aliweke mbele, juu ya tanki, magoti yake yanalipiga kila kona. Na ndani ya begi hilo hamna kostimi peke yake. Mna viatu vya kazi, ripoti, mashini ya kuandikia kwa mwenye nayo, na chakula kidogo kwa kuwa hakuna anayejua saa ya kurudi. Kostimi imekunjwa mara nne ndani ya sashe ya plastiki. Inatoka na mikunjo kama karatasi iliyofinywa mkononi, hata ukiwa umeipiga pasi usiku wote.

Halafu kuna mvua. Huku kwetu, karibu na mstari wa ikweta, mtu anaweza kuondoka asubuhi katika vumbi na kufika katika matope siku hiyohiyo. Motari anavaa koti lake la mvua. Abiria anajificha nyuma ya mgongo wake na kuomba Mungu sashe isipasuke.

Kwa akina mama ni vigumu zaidi. Mama anayewakilisha ushirika wake hawezi kusafiri kilometa nyingi kwa moto akiwa amevaa liputa jipya lililobana. Anavaa suruali chini, anafunga kitenge cha zamani juu, na liputa la mkutano linakaa kwenye begi. Akifika, atabadilisha wapi? Kwenye maofisi mengi jibu ni moja: choo. Mara nyingi choo hicho hakina maji wala msumari wa kutundikia nguo. Mama mtu mzima anasimama kwa mguu mmoja juu ya sakafu yenye maji ili viongozi waone rangi nzuri ukumbini. Hiyo ndiyo heshima tunayoizungumzia?

Wengine watajibu: wapande taksi gari. Wanaosema hivyo wamesahau namna taksi inavyongojea ijae, na namna watu wanavyobanana ndani yake. Kostimi haiponi mle pia. Tena kuna vijiji vingi nje ya barabara kubwa ambako gari ndogo haifiki kabisa wakati wa mvua. Kule, ni moto ama miguu.

Kuhusu barabara zenyewe, tusidanganyane. Kutoka Beni hadi Butembo ni kilometa 54 hivi. Kutoka Beni hadi Kasindi ni karibu 80. Tarehe 16 Juni 2021, Rais Tshisekedi na Rais Museveni walikutana mpakani Kasindi na Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara, na njia hizo mbili zimo katika mradi huo. Tunafurahia kila kipande kinachotengenezwa. Lakini jiwe la msingi haliondoi vumbi. Pale mashini kubwa zinapochimba udongo, vumbi inazidi kwanza kabla lami haijafika. Mkaaji anayepita hapo kwa moto hawezi kufika akiwa msafi, hata awe nani.

Na saa mbili za asubuhi? Aliyepanga saa hiyo analala mjini. Eneo la Beni linazika watu wake tangu mauaji yalipoanza mwezi wa 10, mwaka 2014. Barabara ya Oicha na ile ya Kasindi zote zimekwisha kuona watu wakiviziwa na kuuawa, magari yakichomwa. Mtu mwenye akili hatoki gizani kwa moto ili awahi kufunga kravati. Anangoja jua litoke, anauliza habari ya njia, anasikia motari wa kwanza amepita salama, ndipo anapanda. Akifika saa tatu na nusu akiwa na vumbi kwenye nyusi, mtu huyo si mzembe. Ametumia akili ili afike hai. Kumfokea kwamba amechelewa, tena amevaa vibaya, ni kumwambia angalihatarisha maisha yake kwa ajili ya kola nyeupe.

Jambo hili limekuwa na uzito zaidi tangu mwisho wa Januari 2025. Goma ilipoingia mikononi mwa M23, utawala wa mkoa ulihamia hapa Beni. Mji wetu sasa ndio unaita watu. Mwalimu, muganga wa kituo cha afya, chefu wa kijiji, mjumbe wa wakimbizi, wote wanaambiwa: njoo Beni, leta ripoti. Ni heshima kwa mji wetu. Lakini mwenyeji ana kazi ya kupokea, haikai tu kuita.

Niseme lile nililoliona kwa macho katika kazi yangu. Katika mkutano mmoja hapa mjini, ofisi sitaitaja, mwalimu mmoja alizuiwa mlangoni kwa sababu ya shimizi yenye matope na kandambili. Viatu vyake vilikuwa vimelowa ndani ya begi. Mkutano ulikuwa juu ya watoto waliokimbia vita, na yeye ndiye aliyebeba daftari yenye hesabu ya watoto wa shule yake, darasa kwa darasa. Alikaa nje kwenye jiwe. Ndani, watu wenye kravati walikadiria. Mmoja alitaja namba, mwingine akaipunguza, wakaandika ya katikati. Alipoingizwa, ukurasa wa shule yake ulikuwa umekwisha kupita.

Hapo ndipo penye hasara. Mwalimu alipata haya, kweli, lakini waliopotea ni watoto ambao hesabu yao ilibaki nje kwenye jiwe pamoja naye. Ukichuja watu kwa nguo, unachuja pia habari wanazobeba. Na wenye habari za kweli kuhusu vijiji vyetu ni haohao wanaotoka mbali, kwa moto, na vumbi.

Tunajua jibu la viongozi: mavazi ni nidhamu, na nidhamu ni mwanzo wa kazi. Hatupingi. Watu wa Beni na Butembo hawahitaji kufundishwa usafi. Tazameni njia za kanisa siku ya Yenga, tazameni viatu vya watoto wanaotoka katika nyumba za udongo. Mtu yeyote anayeitwa mbele ya wakubwa anataka kuonekana vizuri. Ndiyo maana anabeba ile kostimi, anaihangaikia njia nzima, anaipakata kama mtoto. Hakuna mtu anayekuja mchafu kwa kupenda.

Lakini tusifanye kostimi kuwa amri kumi za Mungu. Wazee wetu wanakumbuka siku za Mobutu, ambapo kostimi na kravati zilikuwa ndizo kosa. Ofisini mwanaume alitakiwa kuvaa abakosti, koti lisilo na kravati, na jina lake lenyewe lilikuwa likimaanisha kostimi ianguke. Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza vyama vingi, aliruhusu pia kravati irudi. Basi vazi la heshima katika nchi hii limebadilika kwa hotuba tu. Kama hotuba iliweza kuleta kravati, barua moja ya mkuu wa ofisi inaweza kuiondoa kwa mtu aliyetoka safari.

Hatutaki kulalamika tu. Haya ndiyo tunayoomba, na hakuna lililo gumu.

Kwanza, barua za mwaliko kwa watu wa mbali ziseme wazi: njoo na nguo ya safari, utapokelewa. Maneno hayo hayagharimu hata franka moja.

Pili, mikutano yenye wageni kutoka nje ya mji ianze saa nne. Wenye kulala mjini watumie saa mbili za kwanza kutayarisha karatasi zao.

Tatu, kila ofisi inayoita watu iwe na chumba kimoja kidogo chenye mlango unaofungwa, ndoo ya maji, kioo, misumari ukutani, na pasi. Umeme ukikatika, pasi ya makaa ipo sokoni. Na chumba cha akina mama kiwe mbali na cha wanaume.

Nne, anayemtuma mfanyakazi kazini ampe franka za safari na za kulala, si za moto peke yake. Akilala mjini usiku mmoja, nguo itanyooka na barua itasomwa kwa utulivu. Na jipe za serikali na za mashirika zinazotoka Butembo ama Oicha na viti vitupu, zichukue walau mabegi ya watu wanaoenda mkutano uleule.

Tano, ninyi mnaosimama mlangoni, askari, wapokezi na waandishi wa ofisi: kabla ya kutazama viatu vya mtu, muulizeni ametoka wapi. Mpeni maji. Babu zetu hawakumuuliza mgeni habari kabla hajanawa miguu. Tumelisahau wapi jambo hilo?

Kwa viongozi wa komini zetu nne, Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori, tunaomba waanze wao, kwa kuwa wako karibu na watu. Kwa wale wa mkoa tunasema: sasa mko kwetu, mnaziona njia zetu. Ofisi inayotaka kostimi iliyonyooka itume jipe ikamchukue mtu. Ile inayomwita kwa moto imfungulie mlango akiwa na vumbi yake, imsikilize.