Mzee, bakisha machipukizi mawili tu

Wandugu wanamemba wa koperative,

Watu wengi hapa Idjwi wananiambia: «Mwalimu, sasa uko mu retrete, unapumzika.» Ninacheka. Mkulima hajui retrete. Hakuna kasa inayotumia franga kila mwisho wa mwezi mtu aliyelima maisha yake yote. Hata mimi niliyefundisha miaka 34, siku nilipoweka chaki chini nilirudi ku shamba, juu shamba ndilo linalolisha nyumba yangu. Lakini kuna jambo moja ambalo sikulijua: mtu akizeeka nguvu inapunguka, lakini mipango inaongezeka. Na mipango mingi inaweza kumaliza mzee mbele ya ugonjwa.

Niseme yaliyonipata. Kisha kuacha kazi nilitoa akiba yangu yote mu AVEC. Nilinunua sungura. Nilifungua butiki ndogo pembeni ya njia. Nilianza kuchoma matofali. Nilipanda mananasi, kwa sababu jirani alipanda. Wakati ule ule nilikuwa mu komite tatu: ya koperative, ya wazazi wa masomo, na ya maji. Asubuhi nilitoka na jembe, lakini mbele ya saa nne mtu alikuwa amekwisha kuniita.

Miaka miwili ikapita. Sungura walikufa. Butiki ilimalizwa na madeni ya watu ambao sikuweza kuwanyima, wengine nilikuwa nimewafundisha kusoma. Mvua ilinyeshea matofali yakiwa bado mabichi. Mananasi yalifunikwa na majani. Na kahawa niliyoachiwa na baba yangu ilikuwa imezeeka: miti mirefu, matawi makavu, matunda kidogo kule juu pasipofikiwa na mkono. Usiku mmoja bibi yangu aliniambia: «Mzee, kwenye masomo ulikuwa unafundisha watoto somo moja kwa saa moja. Wewe mwenyewe unataka kusoma matano kwa mara moja.» Sikumjibu kitu. Alisema kweli.

Mwaka ule agronomu alikuja kutufundisha kukata kahawa ya zamani. Wengi wenu munajua kazi hii. Kisha mavuno, mbele mvua ya mwezi wa tisa irudi, unakata mti kwa msumeno, kama sentimita 30 au 40 kutoka ku udongo. Unakata kwa kulaza, ili maji yasisimame ku kidonda. Kisha miezi kidogo kisiki kinachipuka. Mimi nilihesabu machipukizi kumi na mawili ku kisiki kimoja, yote ya kijani, yote mazuri. Nilifurahi. Agronomu akaniambia: «Mwalimu, bakisha mawili, au matatu yenye nguvu. Mengine ondoa.» Niliona huruma. Akasema tena: «Ukiacha yote, utavuna majani.»

Niliposhika kisu kuondoa machipukizi yale, nilijiona mimi mwenyewe. Nilikuwa kisiki chenye machipukizi kumi na mawili.

Jioni nilifungua kaye, nikaandika mstari mmoja: «Kufanya upya miti yangu 400 ya kahawa, 100 kila mwaka, kwa miaka 4.» Sikukata yote kwa mara moja, juu mti uliokatwa unaweza kukaa karibu miaka miwili bila kukupa matunda. Ile inayobaki inalisha nyumba wakati tunangojea. Butiki niliifunga. Sehemu ya mananasi nilimpa kijana wangu. Mu komite nilibaki na moja tu, ya koperative.

Ninawaomba wazee wenzangu, na wale wenye miaka 50 wanaokaribia, wafikiri juu ya mambo matatu.

La kwanza, andika shabaha yako kwa hesabu. «Nataka kuendelea na shamba» si shabaha. «Miti 100 mbele ya mwezi wa tisa» ni shabaha, kwa sababu siku ikifika utajua kama umefika ao hapana.

La pili, weka siku zako. Mimi nimeweka Jumanne na Ijumaa, tangu mapambazuko mpaka jua likiwa kali. Watu wote wa mtaa wanajua. Kama kuna matanga, nitakwenda, mtu hawezi kukataa kulia na wenzake. Lakini maneno ya mpaka wa shamba ya watu wengine yatangojea Siku ya Posho (Jumamosi).

La tatu, tafuta shahidi. Wangu ni mjukuu wangu mwenye miaka 11. Yeye ndiye anashika kaye na kuandika miti tuliyokata na machipukizi tuliyoondoa. Nikikaa ku kivuli muda mrefu anauliza: «Tate, leo tuandike ngapi?» Ile sauti ina nguvu kuliko komite.

Najua wengine watasema: mzee ni wa watu wote, hawezi kujifungia na mambo yake. Hata ndugu yangu mmoja alikasirika, akakaa miezi bila kunisalimia, juu nilikataa kwenda naye kila siku mu kesi yake. Iliniuma. Lakini niulize: mzee asiyekuwa na shabaha yake, anafanya nini? Mara nyingi anabaki mu komite miaka na miaka, si kwa sababu kazi inamhitaji, lakini kwa sababu ya kuogopa kukaa bure nyumbani. Vijana wanangojea kiti mpaka wanachoka, wanakwenda kuchimba mu migodi. Mzee akijua kazi yake ku shamba, anaachia kiti bila ugomvi.

Kwa hiyo ninaomba koperative yetu jambo moja. Ku mkutano mkuu unaokuja, kila mwanamemba mzee asimame, aseme shabaha yake moja ya mwaka, na sekretere aiandike. Mwaka ukiisha tusomeane. Na vijana wenye nguvu watusaidie kukata miti, sisi tutawaonyesha chipukizi gani la kuacha. Macho yetu bado yanaona jambo hilo vizuri.

Mimi nimekwisha kukata miti 300. Ile 100 ya kwanza ilizaa tena, na mavuno yaliyopita tulichuma matunda mekundu kwa kusimama chini tu, bila kuvuta matawi. Goti linaniuma, na miti 100 ya mwisho inangojea. Kama sitaimaliza mimi, kaye iko na mjukuu, na hesabu yote imeandikwa ndani.

Mwalimu wa zamani, mwanamemba wa koperative, Idjwi