Shotigani Haiwalindi Majirani

Katikati ya Marekani kuna imani iliyokaa miaka mingi hadi ikawa sheria: mwindaji wa kulungu akishika shotigani, majirani wako salama, akishika raifo, wako hatarini. Imani hiyo ni potofu, na inawafanya watu waache kutazama hatari ilipo.

Wanaoitetea husema kusini mwa jimbo la Minnesota ni mashamba tambarare yenye nyumba hapa na pale, na risasi ya raifo huenda mbali. Lakini shotigani ya mwindaji wa kulungu siku hizi haimimini marisau. Hutupa risasi moja nzito, mara nyingi kupitia mtutu wenye mifuo. Mwaka 2007 kamati ya Bunge la Pennsylvania ilitoa utafiti uliolinganisha silaha hizo. Bunduki ikielekezwa juu, risasi ya raifo ilikwenda mbali zaidi. Ikilazwa sawa na ardhi, ile ya shotigani ndiyo iliyofika mbali, kwa sababu ikigonga chini hudunda na kuendelea na safari.

Sheria zenyewe zimejaa viraka. Ohio iliruhusu raifo mwaka 2014, ila zile tu ambazo ganda la risasi zake limenyooka, halikubanwa shingoni. Illinois ikafuata mwaka 2023, kwa sharti kwamba bunduki ibebe risasi moja tu. Kampuni ya Winchester ilikwishaona soko: mwaka 2019 ilitoa risasi ya .350 Legend, yenye ganda lililonyooka. Wabunge wanapima ganda, wakati ganda hubaki kwa mwindaji. Kinachoruka ni risasi!

Anayepigwa risasi porini mara nyingi hupigwa na mwenzake wa kundi lilelile, au hujipiga mwenyewe. Kwa umbali huo shotigani ina huruma gani? Kinachookoa watu ni mafunzo na nguo za rangi kali ya chungwa. Wisconsin inamtaka kila mwindaji aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1973 awe na cheti cha mafunzo, na tangu 2013 raifo ni halali jimbo zima.

Minnesota nayo imefuta eneo ambako kulungu aliwindwa kwa shotigani, si kwa raifo, kuanzia 1 Januari 2026, lakini kaunti zinaweza kulirejesha. Ndugu zetu Wakenya mnaoishi huko, mkiulizwa maoni, msidai shotigani. Daini kwamba kila mwindaji awe amefunzwa, avae chungwa, na asifyatue kabla ya kujua kilichoko nyuma ya mnyama.